Geuza Jiwe Kabla ya Kufungua Kijaluba

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Mbegu yake ililetwa kutoka Loch Leven, Uskoti, na mwaka 1905 Ewart Grogan akaipandikiza katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Maji baridi yalimkubali, na mpaka leo yumo. Mimi humvua kwa nzi wa bandia, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila mara na wanaoanza.

Mwalimu, huyu nzi wa bandia ni kitu gani hasa?

Ni ndoana iliyovikwa manyoya, sufu na uzi mpaka ikafanana na mdudu anayeliwa na samaki. Jina lisikudanganye. Wengi tunaowaiga si nzi wa jikoni, ni wadudu wanaokulia chini ya mawe ya mto, kisha wakaota mabawa na kuruka. Nzi wa bandia ni mwepesi mno, huwezi kumrusha peke yake kama unavyorusha ndoana yenye risasi. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, naye anafuata nyuma.

Dukani nimekuta aina chungu nzima. Nichukue zipi?

Nne zinatosha kuanzia. Chukua Pheasant Tail, tunutu wa kuzama aliyebuniwa na Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Uingereza. Badala ya uzi alitumia waya mwembamba wa shaba ili mdudu ashuke haraka. Wa kuelea, chukua Adams, wa kijivu, aliyefungwa mara ya kwanza na Leonard Halladay huko Michigan mwaka 1922. Ongeza Kenya Bug, mweusi, ambaye hapa kwetu hajaniangusha, na Woolly Bugger mmoja mwenye mkia wa manyoya laini kwa ajili ya vidimbwi virefu. Nunua kila mmoja kwa saizi mbili, 12 na 16. Nambari za ndoana huenda kinyume: 16 ni ndogo kuliko 12.

Nikifika mtoni, nitajuaje nimfunge yupi?

Kiache kijaluba cha nzi mfukoni kwanza. Ingia maji ya magotini, inua jiwe la ukubwa wa sahani, uligeuze. Utaona vidudu bapa vikikimbilia upande wenye kivuli, vina mikia myembamba kama unywele. Karibu navyo utakuta vijumba vya mchanga na vijiti vilivyogandishwa kama saruji. Ndani ya kila kimoja kuna kiwavi. Weka kimoja cha vile vidudu juu ya ukucha wa kidole gumba, umtoe nzi wako, uwalinganishe. Tazama ukubwa kwanza, umbo la pili, rangi mwisho kabisa. Wanaoanza huhangaikia rangi, na hapo ndipo asubuhi inapotea. Kisha lirudishe jiwe kama lilivyokuwa; ni nyumba ya watu.

Mwenzangu ana nzi kama wangu, tumesimama pamoja. Yeye anapata, mimi sipati. Kwa nini?

Kwa sababu nzi wako anaburutwa. Swali hili nalijibu kwa uchungu, maana nami nililipia. Nilimaliza asubuhi nzima pale Gura nikibadilisha nzi mmoja baada ya mwingine, na samaki namwona akipanda kula mbele yangu. Mzee aliyekuwa ukingoni akaniambia nisogee hatua mbili tu, nirushe tena yule yule wa kwanza. Akachukuliwa palepale.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki: mshipi ulilala juu ya mkondo wa kasi wa katikati, nzi akaangukia maji ya polepole nyuma ya mwamba. Mkondo ukauvuta mshipi, mshipi ukamvuta nzi, naye akachora alama majini kama mtumbwi mdogo. Mdudu wa kweli hana nguvu ya kwenda hivyo. Trauti akiona mchirizi ule, anazama. Kwa hiyo simama nyuma ya samaki, upande maji yanakoelekea, kwani yeye huelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Rusha kuelekea juu, na mshipi ukianza kupinda, uinue kwa ncha ya fimbo uulaze upande wa juu wa mkondo.

Na mvua ikinyesha, maji yakawa mekundu?

Funga mkubwa, mweusi, mzito, umpitishe karibu na ukingo. Yakiwa kama uji, rudi nyumbani.

Ninunue wa kutoka nje au wa hapa?

Ndugu yangu, huenda huyo wa nje alifungwa hapa hapa. Miaka mingi sasa Kenya ina mafundi, wengi wao akina mama, wanaoketi mbele ya jiliwa na kufunga nzi wanaouzwa Ulaya na Marekani. Kwangu kazi yao ni ya hali ya juu, na inastahili kununuliwa na sisi tulio jirani nao. Ukiwa dukani, mshike nzi kwa ndoana, uvute manyoya ya shingo taratibu, yasilegee. Kisha mwinue kwenye mwanga utazame tundu la ndoana. Likiwa limezibwa na gundi, mrudishe, umchague mwingine.