Bei ya Mafuta Ikianguka, wa Tanga Jipange Hivi

Bei ya pipa ikianguka kwenye soko la dunia, wewe uliye Tanga hutasikia kishindo siku hiyo hiyo. Utasikia baada ya wiki kadhaa. Overtime imekatwa, tenda ya chakula imesogezwa mbele, mkataba ulioahidiwa kuongezwa umepigwa kimya. Usisubiri tangazo ubaoni. Jipange sasa, mshahara ukiwa bado unaingia.

Na usijidanganye kwamba mradi mkubwa hauyumbi. Jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima liliwekwa Chongoleani Agosti 2017, Magufuli na Museveni wakiwepo. Mwaka 2019 kampuni ya mafuta ya Total ilisimamisha shughuli za bomba baada ya mauzo ya sehemu ya hisa za Tullow kule Uganda kukwama. Ikaja 2020, pipa la Brent likashuka chini ya dola 20. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulipitishwa Februari 2022. Hiyo ni miaka minne na nusu. Kama ulikopa 2017 ujenge gesti ya wahandisi, piga mwenyewe hesabu ya riba.

Anza na mkataba wako. Utoe kabatini leo usiku uusome. Tafuta mambo mawili: unaisha lini, na ukivunjwa kabla ya hapo unapewa taarifa ya siku ngapi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka taarifa isiyopungua siku 28.

Ukipunguzwa kazi baada ya kutimiza mwaka mmoja au zaidi, kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Miaka mitatu ni siku 21. Si hela ya kujengea, lakini ni yako. Angalizo moja: mkataba ukimalizika kwa tarehe yake, kiinua mgongo hicho usikihesabu. Wengi huumia hapo, maana mikataba ya wakandarasi mingi ni ya muda.

Usisaini barua ya kuacha kazi kwa hiari ili "kurahisisha mambo". Meneja anaweza kukuomba kwa upole kabisa, na chai akakununulia. Kataa kwa upole huo huo. Fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyejiondoa mwenyewe. Aliyeondolewa, akiwa na michango ya miezi 18 au zaidi, analipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mshahara wa Sh900,000, hiyo ni kama Sh300,000 kila mwezi. Chakula na kodi ya chumba pale Mabawa vinapatikana humo.

Kwa hiyo pita ofisi ya NSSF uombe taarifa ya michango yako sasa hivi. Kukatwa kwenye salary slip ni jambo moja, michango kufika ni jambo jingine. Ukikuta miezi imerukwa, idai ukiwa bado kazini na mwajiri bado yupo mjini.

Ukiona umeachishwa isivyo haki, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Una siku 30 tu. Ukizimaliza kwa kulalamika kijiweni, itabidi kwanza uombe kibali cha kuchelewa.

Sasa makaratasi ya fani. Hapa kaa kidogo.

Kama wewe ni mchomeleaji uliyefaulu jaribio la bomba, cheti chako hakidumu chenyewe. Viwango vinavyotumika kwenye kazi hizi vinataka ithibitishwe kwamba umechomelea kwa njia ile ile ndani ya kila miezi 6. Usipothibitishwa, unarudi kwenye jaribio. Kabla hujaondoka site, mwombe msimamizi asaini rekodi yako ya uchomeleaji. Chukua nakala. Ukimtafuta miezi minane baadaye utaambiwa alishahamia nchi nyingine, na namba yake haipatikani.

Fundi wa jukwaa, rigger, dereva wa forklift, mtu wa usalama kazini: ni vilevile. Kusanya kadi za mafunzo, barua ya utumishi na majina ya kazi ulizofanya. Barua ya utumishi ni haki yako kisheria, usiiombe kama fadhila. Vipige picha vyote ujitumie kwenye barua pepe. Kama ujuzi wako umeupata mitaani bila darasa, ulizia VETA kuhusu kurasimisha ujuzi. Unapimwa kwa unachokijua, unapewa cheti.

Kisha fikiri kazi itakayofuata. Ujenzi unataka maelfu ya mikono, uendeshaji unataka wachache wenye fani. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, hivyo bomba lazima lipashwe joto njia nzima, kilomita 1,443. Chongoleani kuna matangi 4, kila moja la mapipa 500,000. Umeme, vipimo, udhibiti wa kutu, zimamoto na kazi za gati ndizo fani zitakazobaki. Mchimba mtaro mwenye kiu ya kusoma aelekee huko.

Wala usijifunge kwenye mafuta. Viwanda vya saruji vya hapa Tanga vinahitaji wachomeleaji na mafundi mitambo. Bandari inahitaji waendesha mitambo. CV yako iandike kwa lugha ya kazi: "nimefunga jukwaa, nimenyanyua mizigo ya tani kadhaa". Jina la mradi weka mwisho.

Upande wa pesa sina maneno mengi. Mshahara wa site ni wa msimu, ishi kwa nusu yake. Weka pembeni matumizi ya miezi mitatu kabla ya kununua bodaboda ya pili. Na mikopo ya kausha damu usiiguse hata kwa wiki moja, kikoba cha mtaani kina huruma zaidi.

Je, wewe ndiye mwenye kampuni? Yako ni haya.

Soma kifungu cha malipo. Mikataba midogo mingi ina sentensi isemayo utalipwa pale mkandarasi mkuu atakapolipwa. Maana yake, yeye akikwama, wewe ndiye benki yake. Omba ibadilishwe iwe siku maalumu, 30 au 45. Wakigoma, punguza mzigo unaoutoa kwa mkopo. Invoisi ipeleke siku kazi inapokubaliwa, usisubiri mwisho wa mwezi, na hakikisha inapigwa mhuri wa kupokelewa.

Usinunue magari kwa ajili ya mteja mmoja. Kule Turkana, Kenya, malori yalikuwa yakibeba mafuta ghafi toka Lokichar hadi Mombasa, na meli ya kwanza iliyapakia Agosti 2019. Mvua ikaharibu barabara, ikaja korona na bei mbovu, na 2020 mpango wote ukasimama. Mwenye lori linaloweza kubeba saruji na mkonge anapumua. Mwenye trela la kazi moja anahangaika na benki.

Kama mali yako haina kazi, ipe kazi nyingine. TIPER ya Kigamboni iliacha kusafisha mafuta mwaka 1999, leo ni ghala la kuhifadhi mafuta. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilifanya vivyo hivyo baada ya 2013. Gesti iliyokosa wahandisi inaweza kupangishwa kwa wanafunzi wa vyuo. Bei itakuwa ndogo, lakini chumba kinalipa.

Wa vituo vya mafuta, Muheza hadi Handeni: EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Soko la dunia likiwa limeshuka, usiingie Jumatano hiyo na tanki limejaa mafuta ya bei ya juu, hasara ni yako. Agiza kidogo kidogo wiki ya mwisho. Ila usifunge pampu wala kuficha mafuta bei inapotarajiwa kupanda. EWURA imeshafungia vituo kwa hilo.

Ukilazimika kupunguza watu, sheria inakutaka uwape taarifa mapema, uwaeleze sababu na mjadiliane. Jaribu kwanza kupunguza zamu kabla ya kupunguza vichwa. Anayeondoka mlipe stahiki zake na umpe barua ya utumishi siku hiyo hiyo, na namba yake usiifute. Fundi anayelijua tanki lako huwezi kumwokota mtaani kazi ikirudi.