Kabla ya Kibanda Kufungwa: Somo la Sheria ya Utawala kwa Afisa na kwa Mkazi

Ukurasa wetu wa elimu ya sheria unageukia safari hii jambo ambalo mkazi wa Kwale hukutana nalo mara nyingi zaidi kuliko kesi yoyote ya mahakamani, nalo ni uamuzi wa afisa wa serikali. Kibali cha biashara kinafutwa. Ombi la kujenga linakataliwa. Ilani ya kubomoa inabandikwa mlangoni. Hakimu hajaonekana, lakini riziki ya mtu imeguswa.

Kwa kanuni za mwaka 2014, kila wakili nchini Kenya anatakiwa kukusanya pointi 5 za mafunzo endelevu ya sheria kila mwaka ili aendelee na kazi yake. Kanuni hizo hazimgusi msimamizi wa wadi, wala afisa wa afya ya umma, wala mkaguzi wa majengo. Ajabu ni kwamba hao ndio wanaotia sahihi ilani. Wakili huitwa baadaye, mambo yakiwa yameshaharibika. Kwa hiyo somo la leo ni la hao wenye mihuri, na la wale wanaozipokea karatasi zenye mihuri.

Tuchukue mfano, ambao haumhusu mtu yeyote halisi. Mama mmoja anauza chakula Samburu, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, mahali ambapo madereva wa malori husimama. Ana kibali cha biashara cha mwaka mzima. Jumatatu asubuhi afisa anafika na karatasi: kibali kimefutwa, funga ndani ya saa 24, kuna malalamiko ya maji machafu. Karatasi haitaji kifungu cha sheria wala haisemi mama akitaka kupinga aende wapi.

“Mwanangu,” mama anasema, “si uje nyuma ulione hilo shimo la maji lenyewe?”

“Mama, mimi nimetumwa tu.”

Huenda afisa huyu yuko sahihi kabisa kuhusu maji machafu. Huenda shimo limejaa na harufu inafika barabarani. Hilo silo swali la kwanza ambalo sheria ya utawala inauliza. Swali la kwanza ni je, uamuzi umefikiwa kwa njia gani?

Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na watawala kwa haraka, kwa ufanisi, kwa kufuata sheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki. Kinaongeza kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya, au inaelekea kuguswa, apewe sababu kwa maandishi. Bunge lilipewa kazi ya kutunga sheria ya kulitimiza hilo, na ikatungwa: Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala, nambari 4 ya 2015. Sheria hiyo ni fupi. Afisa anaweza kuisoma yote kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, na ningependa kila ofisi ya wadi iwe na nakala iliyochakaa kwa kusomwa.

Moyo wake uko katika kifungu cha 4. Kabla ya kuchukua hatua itakayomwumiza mtu, afisa anapaswa kumpa taarifa mapema, yenye kueleza hatua inayokusudiwa na sababu zake. Anapaswa kumpa nafasi ya kujieleza. Anapaswa kumwonyesha ushahidi na nyaraka zinazotegemewa, kumweleza kuwa inapohusika anaweza kuwa na wakili au kumhoji anayemlalamikia, na kumjulisha haki yake ya kuomba uamuzi upitiwe upya au kukata rufaa. Mama wa Samburu hakupata hata moja kati ya hizo. Alipata saa 24.

Baadhi ya maafisa husema haya ni mambo ya Kizungu, ya kuchelewesha kazi. Sidhani. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya wazee wa ngambi huku kwa Waduruma anajua kwamba anayelalamikiwa huitwa, huambiwa ameshtakiwa nini, husema yake, ndipo wazee wakanong'onezana. Hakuna mzee anayetoza mbuzi kwa habari ya upande mmoja. Sheria ya 2015 imeandika kwa lugha ya Bunge kitu ambacho watu wetu walikuwa nacho.

Ni kweli kwamba haki ya kusikizwa hupimwa kwa hali. Kukiwa na kipindupindu, hakuna atakayemtaka afisa wa afya asubiri wiki mbili za barua wakati watu wanaendelea kula pale. Atafunga kwanza, kisha amsikize mwenye biashara mara tu inapowezekana. Lakini dharura ni neno linalotumika ovyo. Malalamiko yaliyokaa kwenye faili miezi miwili hayageuki dharura asubuhi ile afisa anapopata gari la kwenda Samburu.

Hapa ndipo wanafunzi wa somo hili huuliza: kama afisa alikuwa sahihi, na hata angemsikiza mama angefunga tu, kuna ubaya gani? Mahakama ya Rufani ilijibu swali hilo miaka ya 1980, katika kesi ya Onyango Oloo dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Onyango Oloo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyefungwa jela. Wakubwa wa magereza walimwondolea punguzo la kifungo ambalo angelipata, bila kumpa nafasi ya kusema lolote. Mahakama ilisema kwamba uamuzi uliofikiwa bila kumsikiza mtu hauponi kwa kudai kuwa ungekuwa sahihi hata hivyo. Mfungwa, tena wa wakati ule, alikuwa na haki ya kusikizwa kabla ya kupoteza siku zake za uhuru. Kesi hiyo ni ya zamani kuliko Katiba ya sasa, na bado mawakili huitaja karibu kila wanapobishania haki ya kusikizwa.

Turudi kwa yale maneno ya afisa, “nimetumwa tu.” Kwa masikio ya kawaida ni maneno ya upole, ya kujitoa lawamani. Kwa masikio ya mwanasheria ni maneno mazito. Kifungu cha 7 cha Sheria ya 2015 kinataja sababu zinazoweza kuifanya mahakama iutengue uamuzi, na mojawapo ni kwamba afisa alitenda kwa maagizo ya mtu asiyepewa na sheria mamlaka ya kumwagiza. Sheria ikisema afisa fulani ndiye atakayeamua, basi yeye mwenyewe aamue, kwa akili yake, baada ya kuona. Simu kutoka kwa mkubwa au kwa mwanasiasa si ushahidi. Sababu nyingine katika kifungu hicho ni upendeleo, hata ule wa kushukiwa kwa sababu za maana. Afisa ambaye ndugu yake ana hoteli ng'ambo ya barabara akabidhi faili hilo kwa mwenzake.

Lakini isidhaniwe kwamba sheria hii ni ngao ya kila mwenye karatasi. Kaunti yetu ina mfano mkubwa unaoonyesha upande wa pili, nao uko Kilima cha Mrima, upande wa Lunga Lunga. Mrima ni msitu wa akiba wenye kaya, na chini yake kuna madini ya niobi na mengine adimu yanayotafutwa na viwanda duniani. Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipata leseni maalum ya uchimbaji, nambari 351. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, Waziri wa Madini wa wakati huo, Najib Balala, aliifuta pamoja na leseni nyingine nyingi zilizotolewa kipindi cha mabadiliko ya serikali. Kampuni ilikwenda mahakamani kulalamikia namna ilivyofutiwa.

Ilishindwa mwaka 2015, na ikashindwa tena katika Mahakama ya Rufani mwaka 2017. Kiini kilikuwa kwamba leseni yenyewe haikutolewa kwa kufuata sheria, hasa matakwa ya tathmini ya athari za mazingira. Wawekezaji wakaifikisha Kenya mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa, ICSID, wakidai takriban dola bilioni 2. Oktoba 2018 baraza lilitupa madai hayo, likisema leseni isiyofuata sheria za nchi haiwezi kuhesabiwa kuwa uwekezaji unaolindwa.

Wengi huisimulia hadithi ya Mrima kama ushindi, na kwa hazina ya taifa ilikuwa nafuu kubwa. Mimi naisoma kama onyo kwa anayetoa leseni. Miaka 5 ya kesi, ndani na nje ya nchi, ilianzia mezani kwa mtu aliyetia sahihi kabla ya karatasi zote kufika. Kibali kinachotolewa kwa njia ya mkato kinaweza kumgharimu mwananchi sawa na kibali kinachofutwa kwa njia ya mkato.

Mama wa Samburu hayuko katika hali ya Cortec. Kibali chake kilitolewa kihalali, na ada alilipa. Basi afanye nini?

Jambo la kwanza, aiweke ile karatasi na aandike tarehe aliyoipokea. Kisha aandike barua, hata kwa mkono, hata kwa Kiswahili, akiomba sababu za uamuzi na nakala ya malalamiko na ripoti ya ukaguzi. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana: kifungu cha 6 kinasema afisa akishindwa kutoa sababu alizoombwa, mahakama itachukulia kuwa uamuzi ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa habari nyingine zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini.

Asikimbilie Mahakama Kuu. Kifungu cha 9 kinaitaka mahakama isiisikize kesi kabla ya mlalamishi kumaliza njia za rufaa zilizowekwa na sheria husika, isipokuwa kwa hali ya kipekee na kwa ombi. Kesi nyingi zenye hoja nzuri zimetupwa kwa sababu hii tu.

Kila njia nayo ina saa yake, na hapa ndipo watu wetu hupotezea haki zao, kwa kungoja “mheshimiwa atuzungumzie.” Ilani ya ujenzi chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 hukatiwa rufaa kwa kamati ya maridhiano ya kaunti ndani ya siku 14, na asiyeridhika na kamati huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA, kwa mfano ya machimbo ya mawe yanayotikisa nyumba za watu, hupingwa mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Mkandarasi aliyenyimwa zabuni ya kaunti ana siku 14 za kwenda kwa bodi ya mapitio ya ununuzi wa umma, nayo bodi ina siku 21 za kuamua. Siku hizo hazisimami kwa sababu mkubwa yuko safarini.

Njia hizo zikiisha, ndipo mapitio ya mahakama. Hapa nako pana kutoelewana. Jaji katika mapitio kwa kawaida hajiweki mahali pa afisa wa afya kupima maji. Anatazama zaidi utaratibu na mipaka ya mamlaka. Mahakama ya Rufani ililieleza hili mwaka 1997 katika kesi iliyohusu Baraza la Mitihani: iko amri ya kufuta uamuzi uliokwisha kufanywa, iko ya kuzuia ule usiofanywa bado, na iko ya kumlazimisha afisa atimize wajibu aliopewa na sheria. Anayengoja mpaka uamuzi ufanywe kisha akaomba amri ya kuuzuia atarudi nyumbani mikono mitupu. Kifungu cha 11 cha Sheria ya 2015 kimepanua orodha hiyo, na mahakama yaweza pia kulirudisha jambo kwa afisa aliamue upya, safari hii kwa kumsikiza mhusika. Ndiyo kusema mama anaweza kushinda kesi, afisa akarudi na ilani sahihi, akamsikiza, akaliona shimo, na akafunga kibanda kihalali.

Asiye na pesa za wakili anaweza kupeleka malalamiko yake kwa tume ya CAJ, ambayo wengi huiita Ombudsman. Tume hiyo hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, zikiwemo za kaunti, kuhusu ucheleweshaji, ukali usio na sababu na matumizi mabaya ya mamlaka, na pia rufaa za walionyimwa habari, zinazopaswa kufika ndani ya siku 30. Huduma yake ni ya bure. Nenda na nakala ya ilani, nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa, na tarehe ulizoziandika.