Ndoa Inapovunjika, Nani Amsikilize Mtoto?

Mume na mke wanapofikia kutengana, kila mmoja hupata wa kumsemea. Mume ana ndugu zake, mke ana dada zake, na mwishowe kila mmoja ana wakili. Mtoto hana mtu. Tena yeye ndiye hutumwa: "Mwambie baba yako karo haijalipwa." "Mwambie mama yako asinipigie simu."

Mtoto wa miaka saba au minane huamini upesi kwamba yeye ndiye chanzo. Alisikia ugomvi wa karo, akasikia jina lake, akajumlisha mwenyewe. Utamwona akikojoa kitandani ingawa alikuwa ameacha, au akilalamikia tumbo kila Jumatatu asubuhi. Aliye mkubwa hunyamaza, akageuka mzazi wa wadogo zake. Nanyi husema ametulia. Hajatulia.

Mtu wa kwanza kumwendea ni afisa wa watoto, ambaye wengi humwogopa bure. Yuko katika ofisi za serikali za kaunti ndogo, na huduma yake hailipiwi. Kazi yake si kuamua nani alikosa katika ndoa. Atawaita nyote wawili na kuwauliza: mtoto atakaa na nani? Ataonana na mzazi wa pili siku zipi? Nani atalipa karo, chakula na hospitali? Mkikubaliana, mambo huandikwa, mkatia sahihi. Msipokubaliana, shauri huenda Mahakama ya Watoto, na huko hakimu aweza kumtaka afisa alete taarifa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, imewapa baba na mama wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Basi baba anayesema, "Aliondoka nao, awalishe," na mama anayesema, "Hatawaona mpaka alipe," wote wawili wamepotea.

Lakini palipo na kipigo, usikubali kukalishwa meza moja na anayekupiga ati mpatane. Anza polisi na hospitali, na umweleze afisa ukweli wote.

Wa pili ni mshauri nasaha. Mtoto aonane naye peke yake, na akitoka msimhoji alisema nini. Hili huwashinda wazazi wengi, hasa mama aliyekaa nje akingoja! Mshauri anayejua watoto wadogo atampa kalamu za rangi au wanasesere kabla ya maswali. Ikiwa fedha ni shida, ulizeni kwanza shuleni na parokiani. Mtoto mwenyewe aweza pia kupiga simu 116, bila malipo.

Wako wanaoogopa kupeleka shauri lao mbele ya mahakama ya ndoa ya jimbo, wakidhani ndoa ikitangazwa batili watoto wataitwa haramu. Sivyo. Kanuni ya 1137 ya Sheria za Kanisa inawatambua kuwa halali watoto waliozaliwa katika ndoa iliyodhaniwa kuwa ya kweli.

Na kabla hamjaenda popote, ikiwezekana kwa amani, mketishe mtoto wote wawili. Mwambieni kwa maneno machache kwamba si kosa lake, nani atahama, na Ijumaa ijayo atalala wapi.