TikTok kwenye kishikwambi cha shule

SWALI: Mwalimu mkuu anatutaka tufute TikTok na Facebook kwenye vishikwambi tulivyopewa baada ya sensa. Ana haki? Bando nanunua mwenyewe.
Mwalimu, Murukulazo, Ngara

JIBU: Anayo, mwalimu. Bando ni lako, kifaa ni cha umma. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilikabidhiwa walimu kwa kazi ya kufundishia. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya na Uingereza zilizuia TikTok kwenye simu za kazi zikihofia usalama wa taarifa zao. Kwako hofu iko karibu zaidi: programu hizi huomba ruhusa ya kuona picha, namba ulizohifadhi na mahali ulipo. Ukikubali bila kusoma, picha za wanafunzi na namba za wazazi zinaweza kuchukuliwa bila wao kujua. Hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtoto hawezi kujisemea.

Ila kama agizo ni la mdomo tu, halitoshi. Ombeni liandikwe, na liseme waziwazi kama WhatsApp inaruhusiwa, maana matangazo mengi ya shule hupitia huko. TikTok iweke kwenye simu yako.