Kutambua Viazi na Mboga Zilizoharibika Ghalani

Mkulima aliyekwisha kuvuna na kuweka mazao yake nyumbani asidhani ya kuwa kazi imekwisha. Kiazi, kitunguu na boga vikiwa ghalani vingali hai: vyapumua, vyapoteza maji, na siku zikipita vyadhoofika. Basi yakupasa kuvitazama kila juma, na kujua kupambanua kitu kilichonyauka na kitu kilichooza, kwa maana mambo hayo mawili si mamoja. Mchicha ulionyauka kwa jua umepungukiwa na maji tu. Utie katika maji safi ya baridi, nao utainuka tena. Lakini jani lenye utelezi na harufu mbaya limekwisha kuoza, wala maji hayatalifaa kitu.

Watu wengi hudanganyika kwa kutegemea pua peke yake. Viazi ulaya ndivyo vinavyoonyesha kosa hilo, kwani kiazi chenye kudhuru pengine hakinuki hata kidogo. Kiazi kilichokaa mwangani hugeuka rangi ya majani mabichi. Rangi yenyewe haina madhara. Walakini mwanga ule ule ulioileta huzidisha sumu iitwayo solanini, ambayo hukaa zaidi katika ganda na penye macho yanayochipua. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, wala kukaanga. Katika mwaka 1969 wavulana 78 wa shule moja ya London waliugua baada ya kula viazi vya gunia lililobaki tangu muhula uliotangulia. Walitapika na kuharisha, na 17 kati yao wakalazwa hospitali. Wote walipona, lakini hiyo si sababu ya kujaribu.

Basi kiazi chenye doa dogo la kijani, kikiwa kigumu, chaweza kuliwa ukikata doa lote pamoja na nyama iliyo chini yake na kumenya ganda kwa unene. Kilichochipua lakini kingali kigumu, kitolee macho kwa ncha ya kisu. Kilichogeuka kijani pande zote, au kilichosinyaa na kulegea huku kimechipua, kisiingie chunguni. Na chakula kilichopikwa kikiwa kichungu ulimini, kitemwe, na watoto wasilazimishwe kukimaliza. Ni kweli kwamba kutupa chakula kabla ya mavuno mapya ni jambo zito.

Tena si lazima kukitupa. Kiazi cha kijani chafaa sana kwa mbegu. Wakulima hodari huziweka mbegu zao kwa makusudi mahali penye mwanga hafifu, kivulini, ili ziwe na machipukizi mafupi yenye nguvu. Lakini kwanza kata viazi vichache utazame ndani. Ukiona duara ya rangi ya kahawia, na ukikiminya kiazi yatoka maji mazito meupe kama maziwa, huo ni ugonjwa wa mnyauko. Usipande viazi vya fungu hilo, wala usivitupe katika lundo la samadi, kwa kuwa ugonjwa utarudi shambani pamoja na mbolea. Vizike mbali, katika shimo refu.

Kuoza kwa maji hujulikana upesi kwa uvundo. Kiazi kimoja huvuja juu ya jirani zake navyo huambukizwa. Kwa hiyo usitoe kile kimoja tu, bali na vyote vilivyoloana, kisha vilivyo vizima vianikwe kivulini hata vikauke. Viazi visioshwe kabla ya kuwekwa. Viwekwe gizani, mahali pa baridi penye kupitisha hewa.

Viazi vitamu vina hatari yao wenyewe. Vikishambuliwa na fukusi au kuota ukungu, kiazi hujitengenezea vitu vichungu katika kujikinga, na moto hauviondoi. Sehemu iliyo kando ya matundu huonekana nzima, nayo yaweza kuwa chungu vile vile. Desturi ya kuwapa ng'ombe viazi vilivyooza iachwe kabisa: viazi vitamu vyenye ukungu huwaharibu mapafu, mnyama akahema kwa shida na pengine kufa.

Kwa habari ya ukungu katika mboga nyingine, tazama ugumu wake. Karoti au kabeji ngumu yenye doa dogo yaweza kukatwa inchi moja kuzunguka doa na chini yake, kisu kisiguse ukungu. Nyanya, tango na kila mboga laini yenye maji mengi itupwe nzima, kwa kuwa nyuzi za ukungu hupenya ndani zisikoonekana. Boga liguse penye kikonyo, na kitunguu kibonyeze shingoni: huko ndiko kuoza kunakoanzia. Pakiwa laini, kitunguu hicho kikate siku hiyo hiyo uone kama kuna sehemu iliyosalimika, wala usikirudishe kapuni.