UHABA WA WATU WA KAZI, AU UHABA WA UJIRA?

Ndugu waliohudhuria darsa yetu wanajua namna mas'ala haya yalivyozuka. Tulikuwa katika mlango wa ijara, nao ni mlango ambao wanafunzi wengi huupita mbio mbio kwa kudhani kwamba ni khabari za kukodi nyumba na punda tu. Ndugu mmoja mwenye duka akasema: "Sheikh, vitabu vyataja haki za mwajiriwa. Sisi wenye kuajiri, shida yetu ni kwamba mwajiriwa mwenyewe haonekani. Natafuta kijana wa kukaa dukani tangu Mfungo Mosi. Akija mmoja hukaa wiki mbili akaondoka. Watu wa zama hizi hawataki kazi." Wengi wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Tukamuuliza ampa nini huyo kijana. Akanyamaza kidogo, kisha akataja kiasi ambacho hatutakiandika hapa kwa kumsitiri. Itoshe kusema kwamba nauli ya matatu kutoka Kisauni na kurudi, pamoja na chai ya asubuhi, yala zaidi ya nusu yake. Tulimuahidi jawabu kwa maandishi, nalo ni hili.

Kwanza twataka kuliangalia neno lenyewe, "uhaba". Mtu akienda Marikiti na bei ya dagaa mkononi, akataka nguru, akarudi nyumbani na kikapu kitupu, hawezi kusema kwamba bahari imekauka. Nguru wapo, bei yake ndiyo haikufika. Lakini mtu huyo huyo akitafuta mtumishi kwa ujira usiomtosha mtumishi kula, akamkosa, husema watu wamekuwa wavivu. Hatusemi kwamba uhaba wa kweli haupo. Upo: fundi wa kazi ngumu aweza kukosekana hata kwa fedha nyingi, kwa kuwa ufundi haufunzwi kwa siku moja. Ila uhaba wa kijana wa kupanga maboksi dukani si wa namna hiyo.

Na neno hili "hawataki kazi" si geni katika nchi yetu. Walilisema masetla kabla yetu, na yapasa tujue walilitumia kwa kusudi gani. Katika miaka ya 1912 na 1913 serikali ya Kiingereza iliweka tume ya kuchungusha khabari ya upungufu wa watu wa kazi. Lord Delamere, mkubwa wa masetla, alitoa ushahidi mbele yake, na maana ya maneno yake ilikuwa kwamba Mwafrika akiachiwa ardhi ya kumtosha, hatakuja kufanya kazi katika shamba la Mzungu. Basi dawa iliyotafutwa haikuwa kuongeza ujira. Ilikuwa ni kodi ya nyumba, ili mtu alazimike kutafuta fedha. Kupunguza ardhi, ili asiwe na pa kulima. Na baada ya vita vya 1914–1918, kipande, ili asiweze kumkimbia bwana wake. Mwezi wa Oktoba 1919 Gavana Northey akatoa waraka kuwataka maofisa wa serikali wawahimize watu kwenda kufanya kazi mashambani, na kila mtu alijua himizo la ofisa kwa mzee wa kijiji ni kitu gani. Hata Askofu Weston wa Unguja, ambaye hatukuwa naye katika dini, aliandika kuupinga waraka ule. Kisha mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, masetla wakaazimia kukata ujira kwa thuluthi. Kukata huko ni moja katika sababu zilizomfanya Harry Thuku kuwakusanya watu, na alipokamatwa mwezi wa Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kumtetea walipigwa risasi.

Tumeirefusha khabari hii kwa sababu maalumu. Wako wasemao kwamba serikali haina haki ya kuingia kati ya mwenye kazi na mfanya kazi, na kwamba kima cha chini cha mshahara ni bidaa ya zama hizi. Lakini serikali iliingia zamani sana, na iliingia upande wa tajiri. Huko Uingereza kwenyewe, tauni kubwa ya 1348 ilipowamaliza watu na wafanya kazi wakawa adimu kweli kweli, sharia za 1349 na 1351 zilikataza mtu kudai zaidi ya ujira wa kabla ya tauni. Hatukupata kusikia wenye mashamba wa wakati ule wakilalamika kwamba soko limeingiliwa.

Ama mji wetu wa Mombasa, una somo lake katika jambo hili, na wazee wetu walilisoma kwa migongo yao. Neno "kibarua" tunalolitumia kila siku ni barua ndogo; lilikuwa jina la kazi ya kutwa tangu zama za utumwa, ambapo mtumwa alikodishwa kwa siku na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana wake. Utumwa uliondolewa katika sharia mwaka 1907, lakini kazi ya kutwa ilibaki gatini: leo kuna meli, wala, kesho hakuna, wasubiri. Mwaka 1939 mahamali wa bandari waligoma. Kisha tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ulisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi, wa bandarini, wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa majumbani, na mgomo ukadumu siku 12. Serikali ikaweka baraza la uamuzi chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wao, alihamishwa mwaka ule ule akapelekwa Kabarnet. Na mwaka 1955 wa bandarini waligoma tena, Tom Mboya akaja kuwasemea, na ujira wao ukapandishwa kwa thuluthi.

Baina ya migomo hiyo kuna jambo ambalo twaliona ndilo kiini cha mas'ala yote. Mwaka 1954 ilitoka ripoti ya kamati ya Carpenter juu ya mishahara ya Waafrika. Ilionyesha kwamba kima cha chini kilichokuwako kilipigiwa hesabu ya kapera: chakula chake yeye, nguo yake yeye, kuni zake yeye. Mke na watoto hawakuwamo katika hesabu. Ilichukuliwa kwamba wako shamba na kwamba shamba litawalisha. Basi mama aliyelima muhogo bara ndiye aliyekuwa akimlipia tajiri wa mjini sehemu ya mshahara wa mumewe, bila ya yeye kujua na bila ya kushukuriwa. Kamati ikashauri kwamba kwa muda wa miaka kumi mshahara upandishwe hata utoshe mtu na jamaa yake. Twamuomba kila mwenye kuajiri ajiulize: ujira atoao yeye leo, ni wa kapera au wa mtu mwenye jamaa? Na kama ni wa kapera, nani anayelipa hicho kilichosalia?

Sasa tuje katika hoja ya ndugu mwingine, aliyesema usiku ule kwamba kuweka kima cha mshahara ni kama kuweka bei ya bidhaa, na Mtume (s.a.w.) alipoombwa kuweka bei Madina alikataa, akichelea kukutana na Mola wake hali ya kuwa amemdhulumu mtu katika mali yake. Hoja hii ni nzito, wala haifai kuipuuza. Na kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba kuweka bei ni haramu. Lakini wanavyuoni waliangalia sababu ya katazo. Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka 728 Hijriya, katika kitabu chake cha Hisba, alipambanua baina ya bei iliyopanda kwa uchache wa kitu bila ya dhulma ya mtu, na bei iliyopindwa kwa wenye nguvu kuwabana wasio nayo. Ya pili alijuzisha kuiwekea mpaka. Na zaidi ya hapo, alitaja kazi kwa jina: watu wakihitaji ukulima, ufumaji au ujenzi, mtawala aweza kuwalazimisha wenye ufundi kufanya kazi kwa ujira wa mfano wake. Hawaachwi wadai zaidi ya haki, wala wenye kuwahitaji hawaachwi wawapunguzie haki yao. Mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim akalishika neno hilo. Basi mizani yao ina pande mbili. Sisi tumezoea kuisoma kwa upande mmoja.

Yabaki swali la akili na uzoefu: je, kima cha chini hakiwatoi watu kazini? Wako wataalamu wakubwa wasemao hivyo, na hesabu yao si ya kipuuzi, kwani kitu kikiwa ghali hununuliwa kichache. Lakini mwaka 1992 katika jimbo la New Jersey, Marekani, kima kilipandishwa kutoka dola 4 na senti 25 kwa saa kuwa dola 5 na senti 5, ambapo jirani yake Pennsylvania haikupandisha. Wataalamu wawili, David Card na Alan Krueger, wakalinganisha mahoteli ya vyakula vya haraka 410 ya pande zote mbili, na katika maandishi yao ya 1994 wakasema hawakuona kazi kupungua New Jersey. Walipingwa, na wengine wakatoa hesabu nyingine, na ubishi haukwisha hata baada ya Card kupewa nishani ya Nobel mwaka 2021. Maelezo yaliyo karibu na akili ni haya: mwajiri ambaye mfanya kazi hana pa kumkimbilia huweza kulipa chini ya thamani ya kazi, na akilazimishwa kupandisha, bado ana faida ya kumweka mtu yule. Binti aliyeletwa kutoka bara, asiyemjua mtu mjini ila mwenye nyumba, ana soko gani la kuzunguka akitafuta bei? Hatukatai kwamba kima kikipandishwa kupita kiasi duka dogo litamwondoa kijana wake. Twasema tu kwamba khofu hiyo haiwi hoja ya kulipa nauli na chai.

Katika Kenya, kwa amri iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024, kima cha kibarua wa kawaida, na cha mtumishi wa nyumbani pia, katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, mbali na haki ya makazi. Wengi katika wasomaji wetu hawakujua kwamba mtumishi wa nyumbani amo. Na zaidi ya watu wanane katika kila kumi wafanyao kazi nchini wamo katika kazi zisizo rasmi, ambako mkaguzi wa serikali hafiki. Ndiyo maana mabinti wetu hupanda ndege kwenda Saudia kupika na kufua katika majumba ya watu, na wengine katika wao wamerudi na majeraha. Tukiwauliza kwa nini wasifanye kazi hiyo hiyo hapa Mji wa Kale, hutujibu kwa kutaja mshahara.

Wala tusiwaseme wenye maduka peke yao. Kamati moja tuliyokaa nasi ilitafuta mwalimu wa chuo miezi mitano, ikilalamika kwamba vijana hawataki tena kufundisha Qur'ani. Fedha tulizoziweka zilikuwa pungufu ya za bawabu aliyelinda mlango wa chuo hicho. Tulitia sahihi zetu katika karatasi ile, na twaona haya kuikumbuka.

Mwisho, tumeulizwa na akina mama wawili: je, yafaa kumweka mtumishi kwa chakula na nguo, na "fedha tutaangalia"? Mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa alitaja muda na alitaja badali kabla ya kazi kuanza. Kwa Imam Shafi, ujira lazima ujulikane, na chakula na nguo visivyotajwa kiasi chake havijulikani, kwa hiyo mkataba huo haukusihi. Imam Malik amejuzisha kwa kufuata ada ya watu; Abu Hanifa kajuzisha kwa mama wa kunyonyesha tu. Na mkataba ukiwa haukusihi, hali kazi imekwisha kufanywa, mtumishi hapotezi haki yake. Alipwa ujira wa mfano wake kwa kila mwezi aliofanya kazi, na hesabu yaanzia siku aliyoingia nyumbani, si siku mlipoulizana.