Goti Limeteguka: Kijitabu cha Nyumbani kwa Wakaazi wa Kisiwa cha Mombasa

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha nyumba yenye kijana aliyeanguka akicheza mpira Tononoka au Makadara, mama aliyeteleza ngazini Mji wa Kale, dereva wa bodaboda aliyegongwa goti, au hamali ambaye mguu umempinda chini ya mzigo. Ni cha mgonjwa mwenyewe, na pia cha wanaomuuguza, kwa sababu goti halitibiwi hospitalini peke yake. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani, juu ya mkeka, siku baada ya siku.

Jambo moja tunaomba likae akilini tangu mwanzo: maumivu kwisha si goti kupona. Maumivu huondoka mapema, lakini kano na misuli huchukua miezi kurudi. Wengi huliumiza goti mara ya pili katikati ya nyakati hizo mbili.

Goti na kano zake nne

Goti ni pale mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi. Mifupa hiyo imeegemeana tu. Kinachoishika isitengane ni kano nne, mikanda migumu ambayo mtaani wengi huiita mishipa.

- *Kano ya mbele*, iliyo ndani kabisa ya goti, huzuia muundi usichomoke kwenda mbele na goti lisizunguke kupita kiasi. Mara nyingi hukatika bila mtu kuguswa: mchezaji anakimbia, anageuka ghafla huku unyayo umeganda chini, au anaruka na kutua vibaya. Wengi husikia mlio ndani ya goti, kisha goti huvimba katika saa chache kwa sababu damu inavujia ndani.
- *Kano ya nyuma* huumia goti lililokunjwa linapogongwa kwa mbele, kama katika ajali za pikipiki.
- *Kano ya upande wa ndani* huumia goti linapopigwa kutoka nje. Huuma sana, lakini mara nyingi hupona bila upasuaji.
- *Kano ya upande wa nje* haiumii mara kwa mara. Karibu nayo hupita mshipa wa fahamu unaonyanyua unyayo, kwa hiyo jeraha lake lisipuuzwe.

Kati ya mifupa kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo. Navyo huweza kuchanika pamoja na kano, na kipande kikikwama, goti hufunga: halinyooki wala halikunjiki.

Kano huweza kuvutika tu, kuchanika kiasi, au kukatika kabisa. Kwa kano ya upande wa ndani, iliyovutika huhitaji wiki 1 hadi 3, iliyochanika kiasi wiki 3 hadi 6, na iliyokatika miezi 2 hadi 3. Kano ya mbele ikikatika kabisa, hesabu miezi mingi zaidi.

Siku tatu za kwanza

1. *Acha mara moja.* Usijaribu kumalizia mechi wala safari. Goti lililolegea likipinda tena, gegedu huchanika.
2. *Barafu.* Mifuko ya barafu inauzwa karibu kila mtaa wa kisiwani. Funga barafu kwa taulo au kipande cha leso, usiiweke juu ya ngozi tupu. Iweke dakika 15 hadi 20, urudie kila baada ya saa 2 au 3 ukiwa macho.
3. *Bendeji ya kuvutika.* Funga kuanzia chini ya goti kupanda juu. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legeza.
4. *Nyanyua mguu.* Lala mguu ukiwa juu ya mito, juu kuliko kifua.
5. *Kwa siku tatu, epuka* maji ya moto, kukandwa kwa nguvu, kuumikwa juu ya uvimbe, na pombe. Mambo haya huongeza kuvuja kwa damu na uvimbe.

Kwa maumivu, paracetamol huwatosha wengi. Ibuprofen na diclofenac zina madhara kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu, pumu, na kwa mjamzito. Muulize mhudumu wa afya kabla ya kununua, na usichome sindano ya maumivu ili uweze kurudi kazini siku hiyo hiyo. Sindano hunyamazisha maumivu tu. Kano inabaki ilivyo.

*Kumsafirisha mgonjwa.* Katika vichochoro visivyopitika gari, mketisheni kwenye kiti imara, watu wawili wambebe hadi barabarani. Asipakiwe kwenye bodaboda mguu ukining'inia. Kwenye tuktuk, aketi upande mmoja, mguu umenyooshwa juu ya kiti.

Nenda hospitali leo, usisubiri kesho

- Goti limehama mahali pake, hata kama limejirudi lenyewe. Mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma ya goti huweza kuumia, na mguu ukikosa damu kwa saa 6 hadi 8 huweza kupotea.
- Unyayo ni baridi, umepauka, umekufa ganzi, au hauwezi kunyanyuka.
- Mgonjwa hawezi kutembea hatua nne.
- Goti limefunga.
- Kuna homa na goti ni jekundu na la moto, au kidonda cha upasuaji kinatoa usaha.
- Shavu la mguu limevimba na linauma, au pumzi inabana. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hiyo ni hatari kwa maisha.

Hospitalini

Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi huiita Coast General, ndiyo hospitali kubwa ya umma ya rufaa katika ukanda huu, na iko hapa kisiwani. Kwa jeraha lisilo la dharura, anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa.

Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi kano. Ukiambiwa "hakuna kilichovunjika", usidhani basi hakuna kilichoumia. Daktari wa mifupa au mtaalamu wa tiba ya viungo hupima kano kwa mikono yake, akivuta muundi taratibu na kulinganisha magoti mawili. Goti likiwa limevimba sana kipimo hicho huwa kigumu, kwa hiyo rudi baada ya wiki moja au mbili upimwe tena. MRI huonyesha kano na gegedu, lakini ni ghali. Uliza kwanza kama majibu yake yatabadilisha matibabu.

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisheni kila mtu wa nyumbani amesajiliwa na michango inalipwa. Kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji, uliza ni kiasi gani kitalipiwa, na pia vikao vya mazoezi vitagharimu nini. Upasuaji usiofuatwa na mazoezi ni pesa iliyopotea.

Upasuaji au mazoezi?

Si kila kano ya mbele iliyokatika hupasuliwa. Nchini Uswidi, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata vijana 121 wenye jeraha hilo. Baadhi walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi na kupasuliwa baadaye ikibidi. Baada ya miaka 2 makundi yote mawili yalikuwa na hali sawa, na katika kundi la mazoezi, takribani watu 6 kati ya 10 walikuwa hawajahitaji kisu. Kufikia mwaka wa 5, karibu nusu ya kundi hilo walikuwa wamepasuliwa.

Kwa hiyo zungumza na daktari juu ya maisha yako hasa. Mwenye kazi ya dukani anaweza kuishi vizuri kwa mazoezi pekee. Kijana anayetaka kurudi kwenye mpira au raga, mtu ambaye goti lake linamponyoka hata akitembea, au aliyeumia kano kadhaa pamoja na gegedu, mara nyingi atashauriwa upasuaji. Kwa njia yoyote ile mazoezi ni lazima, na goti lililonyooka na lenye nguvu kabla ya upasuaji hupona vizuri zaidi baadaye.

Mazoezi ya nyumbani

Mtaalamu atakupangia yanayokufaa wewe. Haya ndiyo ya msingi.

*Hatua ya kwanza: uvimbe ushuke, goti linyooke.*

- Keti mkekani mguu umenyooka, leso iliyokunjwa ikiwa chini ya kisigino. Kaza msuli wa paja ukibonyeza goti kuelekea chini. Hesabu hadi 5, legeza. Mara 10, awamu 3 au 4 kwa siku.
- Lala chali, buruta kisigino taratibu kuelekea makalio, kisha nyoosha. Mara 10.
- Mguu ukiwa umenyooka kabisa, unyanyue kiasi cha sentimita 30, ushushe polepole. Mara 10.

Msihofu kuona paja limekonda. Msuli wa paja hunywea upesi sana goti likiumia. Kila baada ya wiki 2 pima mapaja yote mawili kwa tepu ya fundi cherehani, sentimita 10 juu ya pia ya goti, na mwandike. Tofauti ikipungua, mnasonga mbele.

*Hatua ya pili: mguu ubebe mwili.* Lengo la kwanza ni kutembea bila kuchechemea. Kisha chuchumaa nusu ukishika mgongo wa kiti, panda na kushuka kidato kimoja, simama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na ukuta. Baiskeli inafaa. Kidonda cha upasuaji kikishafunga kabisa, kutembea ndani ya maji ya bahari yaliyotulia, yakufikayo kifuani, hupunguza uzito juu ya goti. Jioni, njia tambarare za Mama Ngina zinafaa kuliko vichochoro vya kupanda na kushuka.

*Hatua ya tatu: mbio, kuruka, kugeuka.* Hii huanza kwa ruhusa ya mtaalamu, kwa kawaida baada ya mwezi wa 3 au zaidi.

Kanuni ya kupima kiasi cha mazoezi: goti hujibu asubuhi ya pili. Ukiamka na uvimbe zaidi ya jana, punguza mazoezi kwa nusu. Ukiamka salama, endelea.

Kuishi na magongo Mji wa Kale

*Ngazi.* Nyumba nyingi za Kibokoni na Kuze zina ngazi zenye vidato virefu. Ukipanda, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza magongo na mguu ulioumia. Ikiwezekana, mgonjwa alale chini wiki za mwanzo, na taa ya ngazini isizimwe usiku.

*Choo.* Choo cha kuchuchumaa hulikunja goti kupita kiasi. Tafuteni kiti kilichotobolewa katikati, na muweke kitu cha kushikilia ukutani. Kausheni sakafu.

*Sala.* Mafunzo ya Mtume (s.a.w.) yanamruhusu mgonjwa kusali ameketi. Tumia kiti, usilazimishe kusujudu wala kikao cha tahiyatu hadi goti likunjike bila maumivu. Ukiwa na swali, muulize imamu wa msikiti wako.

*Kivuko.* Mteremko wa feri ya Likoni ni mkali na watu hukimbilia. Toka nyumbani mapema, pita kando, shuka polepole.

*Riziki.* Hamali, muuza samaki na dereva wa bodaboda hula kwa jasho la siku. Jamaa na wenzake wakae chini mapema wapange: nani atashika kazi, ipi nyepesi anaweza kuifanya ameketi. Mtu anayeogopa njaa ya watoto wake hurudi kazini kabla goti halijawa tayari, na hakuna ushauri wa daktari utakaomzuia.

Yanayosemwa mitaani

*"Likandwe kwa nguvu lirudi mahali pake."* Kuvutwa na kupindwa huweza kuichanisha kano iliyobaki. Baada ya wiki za mwanzo, kukandwa taratibu kwa msuli wa paja hakuna ubaya, lakini goti lenyewe lisivutwe.

*"Lilazwe miezi miwili."* Goti lisilosogezwa hukakamaa na paja hunywea. Mapumziko ya mwanzo ni ya siku chache.

*"Mfuko wa goti unatosha."* Mfuko husaidia kwa joto na kujiamini. Hauchukui nafasi ya msuli.

Kawia ufike: kurudi uwanjani

Tarehe 17 Oktoba 2020 Virgil van Dijk wa Liverpool alikatika kano ya goti katika mechi na Everton. Alipasuliwa mwezi huo huo, akiwa na wataalamu wa kila aina, na alirudi kucheza mwishoni mwa Julai 2021, miezi 9 baadaye. Pesa za klabu hazikuweza kuiharakisha kano.

Sababu ni hii. Katika upasuaji, kano mpya hutengenezwa kwa kawaida kutokana na kano ya msuli wa mgonjwa mwenyewe. Baada ya kupandikizwa hudhoofika kwanza, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kabla ya kuota mishipa ya damu na kukomaa. Wakati huo huo maumivu yamekwisha na kijana anajiona mzima. Utafiti wa Oslo uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu.

Ukipasuliwa kano ya mbele, usirudi mchezoni hadi miezi 9 itimie, goti lisivimbe, na mguu ulioumia ufikishe angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake.

Makocha, wakingeni ambao hawajaumia. Mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ huchukua dakika 20, hayahitaji vifaa zaidi ya mpira na alama chache, na hupunguza majeraha kwa karibu theluthi au zaidi. Yafanyeni angalau mara mbili kwa wiki. Wasichana msiwasahau, kwani wao hukatika kano ya mbele zaidi ya wavulana katika michezo ile ile.

Ukurasa wa kubandika ukutani

☐ Mazoezi ya asubuhi, mchana na jioni yamefanyika
☐ Goti limeamka bila uvimbe mpya
☐ Mapaja yamepimwa (kila wiki 2): la kulia ____ la kushoto ____
☐ Mtu wa nyumbani anayesimamia mazoezi wiki hii: ________
☐ Siku ya kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo: ________
☐ Tarehe ya kurudi kazini au mchezoni, iliyokubaliwa na mtaalamu: ________